Kinga ya mwili inapomgeukia mtoto

MTOTO huzaliwa salama, akalia, akanyonya, akaongeza uzani. Kufikia mwezi wa nne anacheka akiitwa jina na kukamata kidole cha mamake asikiachilie. Kisha, bila kuanguka wala kugongwa na chochote, anaanza kurudi nyuma.

Huanza na kilio. Si kilio cha njaa wala cha meno, kwa maana titi halikinyamazishi na kubebwa mgongoni hakusaidii. Mtoto hulia usiku kucha hadi majirani wa ploti wakabisha mlango kuuliza kulikoni. Homa hupanda na kushuka. Shingo iliyokuwa imekaza hulegea tena, miguu hukakamaa, na kile kidole cha mama hakikamatwi tena.

Hospitalini hupimwa malaria, hakuna. Hupimwa mkojo na choo, hakuna kitu. Hatimaye daktari hutoa maji ya uti wa mgongo, na humo hukutwa chembe nyeupe za damu nyingi kuliko kawaida, ishara ya mwili unaopigana na adui. Mtoto hudungwa dawa za kuua bakteria siku baada ya siku. Adui hatafutiki, na mgonjwa hapati nafuu.

Yawezekana adui huyo hayupo, na hajapata kuwapo.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kuna kundi la maradhi ya kurithi ambamo kinga ya mtoto, ile ile inayopaswa kumlinda dhidi ya mafua na surua, huwashwa pasipo sababu na kukataa kuzimika. Wataalamu huyaita interferonopatia. Ni jina gumu na nadhani ndiyo sababu mojawapo ya habari zake kutofika mitaani. Ni maradhi adimu sana, hilo tuliseme mapema ili mzazi asije akapatwa na hofu kila mtoto wake akilia. Lakini uadimu si kitu kwa familia ambayo mtoto wake ndiye huyo mmoja.

Nduru

Msomaji aliyekulia kijijini anaijua nduru. Wezi wakivunja nyumba usiku, mwenye nyumba hupiga nduru hata kama yeye mwenyewe hawezi kuokoka. Majirani wakiisikia hufanya mambo mawili: hukaza makomeo ya milango yao, kisha wenye nguvu hutoka na marungu.

Seli ya mwili iliyovamiwa na virusi hufanya vivyo hivyo. Hutoa protini iitwayo interferoni, nayo huenea hadi kwenye seli jirani na kugonga milango yao. Seli jirani zikipata ujumbe huwasha mamia ya jeni kwa mkupuo mmoja. Baadhi ya jeni hizo hufunga mitambo ambayo virusi vingeitumia kuzaana, nyingine huwaita askari wa damuni waje na marungu yao. Homa, maumivu ya viungo na ule uchovu unaokulaza kitandani wakati wa mafua makali kwa kiasi kikubwa ni kazi ya nduru hiyo.

Interferoni iligunduliwa mwaka 1957 katika maabara ya Mill Hill, London, na Alick Isaacs, Mskoti, pamoja na Jean Lindenmann kutoka Uswisi. Walichukua utando wa yai la kuku lenye kifaranga kinachokua na kuutia virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto. Utando huo ukatoa kitu fulani majini ambacho kiliwazuia virusi hai wasizaane katika utando mwingine. Wakakipa jina kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kuingilia kati.

Kwa miaka mingi ulimwengu uliitazama interferoni kama dawa tu. Ilidungwa kwa wagonjwa wa homa ya ini na wa aina kadhaa za saratani. Waliodungwa wanakumbuka walivyotetemeka kwa homa na kuumwa mwili mzima, na wengine walivyoingiwa na huzuni nzito isiyo na sababu. Hiyo ilikuwa dalili ya wazi kwamba nduru nyingi humdhuru hata aliyeipiga, ila wakati huo ilihesabiwa kuwa ni madhara ya kawaida ya dawa.

Wakenya wa makamo nao wanalikumbuka jina hilo kwa njia yao. Mwaka 1990 taasisi ya utafiti wa matibabu ya KEMRI, chini ya mkurugenzi wake Davy Koech, ilitangaza Kemron, yaani interferoni ya alfa iliyotolewa kwa kipimo kidogo kwa njia ya kinywa, kwa wagonjwa wa Ukimwi. Rais Moi mwenyewe aliisimamia habari hiyo, na nchi nzima ikasisimka. Majaribio yaliyofuata, yakiwemo yale ya Uganda, hayakuonyesha kuwa ilikuwa na faida.

Siyataji haya kwa nia ya kufukua makaburi. Nayataja kwa sababu miaka miwili kabla ya Kemron, wakati Nairobi ikitazamia mema kutoka kwa interferoni, daktari mmoja wa Paris alikuwa amekwisha kuikuta mahali isikotakiwa kuwa: ndani ya maji ya uti wa mgongo wa watoto waliokuwa wakiharibika ubongo.

Watoto wanane wa Paris

Kisa chenyewe kinaanza mwaka 1984. Jean Aicardi na Françoise Goutières, madaktari Wafaransa wa neva za watoto, walichapisha maelezo ya watoto 8 kutoka familia 5. Wote walikuwa wameugua wakiwa wachanga na wote walirudi nyuma kimaendeleo. Picha za vichwa vyao zilionyesha madoa ya chokaa katikati ya ubongo, na maji ya uti wa mgongo yalikuwa na chembe nyeupe za damu ambazo hazikuisha hata baada ya miezi.

Daktari yeyote angeona dalili hizo angefikiria jambo moja: mama alipatwa na maambukizo alipokuwa mja mzito. Virusi vya rubela au vya sitomegalo vikimwingia mtoto tumboni huacha alama zinazofanana mno na hizo, chokaa ikiwa mojawapo.

Lakini kulikuwa na jambo lisiloingia akilini. Katika baadhi ya familia hizo, zaidi ya mtoto mmoja alikuwa ameugua. Mama aliyewahi kuugua rubela hupata kinga, na mimba inayofuata huwa salama. Je, ni virusi gani hivyo vinavyorudi kwenye tumbo lile lile mara ya pili, tena vikiwaacha majirani? Aicardi na Goutières wakakata shauri kwamba huo si uambukizo hata kidogo. Ulikuwa ugonjwa wa kurithi uliojivika sura ya uambukizo.

Mwaka 1988 Pierre Lebon na wenzake, wakiwa huko huko Paris, walipima interferoni ya alfa kwa watoto wa aina hiyo. Waliikuta kwa wingi, na katika maji ya uti wa mgongo ilizidi ile iliyokuwa damuni. Nduru ilikuwa ikipigwa ndani ya kichwa. Virusi vilitafutwa, havikupatikana.

Hapo ndipo kisa kilipokwama kwa muda mrefu. Kujua kwamba kamsa inalia si sawa na kujua ni nani aliyeibonyeza. Ilichukua hadi mwaka 2006 kwa Yanick Crow, daktari wa watoto na mtaalamu wa jeni aliyekuwa Leeds, Uingereza, pamoja na kundi kubwa la wenzake wa nchi mbalimbali, kutangaza kuwa wamepata jeni nne zenye kasoro. Moja yaitwa TREX1, na tatu ni za familia ya RNASEH2. Tangu hapo nyingine zimeongezeka, na sasa zinazojulikana kusababisha ugonjwa wa Aicardi-Goutières ni 9.

Taka zisizozolewa

Jeni hizo zilipotazamwa kwa makini, ilionekana kuwa nyingi zina kazi ambayo mkazi yeyote wa Nairobi ataielewa mara moja. Zinazoa taka.

Kila seli, katika shughuli zake za kila siku, huacha vipande vipande vya DNA na vya binamu yake RNA. TREX1 ni kimeng'enya kinachokata na kuvimaliza vipande vya DNA vilivyozagaa nje ya kiini cha seli. RNASEH2 huondoa vipande vya RNA vilivyojichomeka mahali pasipo pake. Kazi ya kawaida kabisa, kama ya yule anayepita na mkokoteni asubuhi kabla hujaamka.

Kwa nini basi taka hizo ziwe hatari? Kwa sababu DNA ya binadamu mahali pake ni ndani ya kiini. DNA ikionekana nje ya kiini, kwa kawaida maana yake ni moja tu: virusi vimeingia. Kuna mlinzi aliyewekwa hapo kwa kazi hiyo pekee. Kundi la Zhijian Chen, huko Dallas, Marekani, lilimtambulisha mwaka 2013 kwa jina la cGAS. Mlinzi huyu hana macho ya kutofautisha DNA ya mgeni na ya mwenyeji. Akigusa DNA, anapiga nduru.

Sasa fikiria mtaa ambao taka hazizolewi. Zinarundikana mlangoni pa mlinzi, naye kila akigeuka anazigusa. Nduru inalia usiku na mchana, majirani wanatoka na marungu, na kwa kuwa mwizi hayupo, wanamwangukia yeyote waliyemkuta njiani. Tumeona mara ngapi jijini mtu akipigiwa kelele za mwizi, na baadaye ikabainika hakuwa na hatia? Katika mwili wa mtoto huyu, anayepigwa ni ubongo wake, mishipa yake midogo ya damu na ngozi yake.

Kuna aina nyingine ambayo haihusu taka. Katika hiyo, taka zinazolewa vizuri lakini king'ora chenyewe kimekwama. Mwaka 2014 kundi la Raphaela Goldbach-Mansky, katika taasisi za afya za taifa huko Marekani, lilieleza habari za wagonjwa 6 ambao protini yao iitwayo STING, inayopokea ujumbe wa mlinzi na kuupeleka mbele, ilikuwa imewashwa tangu kuzaliwa. Watoto hao walikuwa na vidonda kwenye ncha za vidole, puani na masikioni, na mapafu yao yaliharibika. Kadhalika kuna aina inayoanza na homa, madoa ya zambarau na kope zilizovimba, na mafuta ya usoni huyeyuka mpaka mtoto akaonekana mzee. Hiyo ilielezwa kwanza na daktari wa Kijapani, Nakajo, mwaka 1939, zamani kabla ya interferoni kujulikana. Kwa jumla maradhi ya kundi hili yaliyotambuliwa sasa yamepita 20.

Msomaji mwenye shaka anaweza kuuliza: tutajuaje kuwa interferoni ndiyo mkosaji, na si kwamba imekutwa tu mahali pa tukio? Jibu lilitoka kwa panya. Panya walioondolewa jeni ya TREX1 hufa mapema kwa uvimbe wa moyo, jambo lililoonekana mwaka 2004. Mwaka 2008 Daniel Stetson na wenzake, huko Marekani, waliwachukua panya wa namna hiyo na kuwaondolea pia ule mlango ambao interferoni hugonga. Taka zilikuwepo vile vile, na mlinzi bado alipiga nduru, ila hapakuwa na aliyeisikia. Panya hao waliishi.

Ikumbukwe kwamba interferoni yenyewe si adui. Mwaka 2020, Covid ilipokuwa ikiua watu kote duniani, kundi la Jean-Laurent Casanova lilipima wagonjwa 987 waliozidiwa na kukuta kwamba angalau 101 kati yao walikuwa na kingamwili zilizoizuia interferoni yao isifanye kazi. Hao nduru yao ilizibwa mdomo, na virusi vikaingia bila kubishiwa. Mwili unaihitaji interferoni, ila kwa kiasi, na kwa wakati wake.

Mama halaumiwi

Nimesema kuhusu majirani wanaobisha mlango. Kuna wengine wanaobisha na maneno. Katika mitaa yetu mtoto akianza kurudi nyuma, macho ya watu humgeukia mama. Alikula nini akiwa mja mzito? Alimwangusha akaficha? Ukoo wake una nini? Mama mkwe hutuma ujumbe kutoka nyumbani kwamba mtoto apelekwe kwa mganga, na kanisani huambiwa aungame. Mtoto wa pili akiugua namna ile ile, ndoa nyingi hazistahimili.

Wengine hulaumu chanjo, na ni rahisi kuona kwa nini, kwa kuwa ugonjwa huu mara nyingi hujitokeza katika miezi ile ile ambayo mtoto hupelekwa kliniki kudungwa. Lakini sindano ya kliniki haiwezi kuandika upya jeni za mtoto. Kasoro hii alikuwa nayo tangu siku mimba ilipotungwa.

Anayetaka kuelewa inavyorithiwa aangalie ugonjwa wa selimundu, ambao jamaa zetu wa Nyanza, Magharibi na Pwani wanaujua vyema. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Katika aina nyingi za Aicardi-Goutières, mwenye nakala moja mbovu haumwi na huenda akaishi hadi uzeeni bila kujua. Akioana na mtu mwenye kasoro katika jeni ile ile, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata nakala mbovu mbili. Hapa watu wengi hukosea hesabu. Si kwamba katika watoto wanne mmoja lazima augue na watatu waliosalia wamesalimika. Ni karata inayochanganywa upya kila mimba. Familia yaweza kupata watoto watano wazima, na nyingine ikapata wawili wagonjwa mfululizo.

Kwa hiyo, penye aina hiyo ya urithi, baba amechangia sawasawa na mama. Ningependa mama mkwe alisome hili.

Panapo ndoa za watu wa damu moja, kama mtoto wa ami na mtoto wa ami, uwezekano wa wote wawili kubeba kasoro moja kutoka kwa babu yao huongezeka. Kwetu ndoa hizo zipo Pwani na Kaskazini Mashariki, na si siri. Jambo hilo hilo hutokea pia katika jamii ndogo zilizojitenga. Wakri wa Quebec, Kanada, walikuwa na ugonjwa wa watoto wao ulioitwa kwa jina lao, na baadaye ikathibitishwa kuwa ni Aicardi-Goutières. Hata hivyo, ugonjwa huu umekutwa kwa watu wa mabara mbalimbali na kwa wazazi wasio na undugu wowote. Kisha kuna aina ambazo nakala moja mbovu yatosha, na hiyo mara nyingi huzuka upya kwa mtoto ilhali wazazi wote wawili hawana.

Dalili za kuangaliwa

Daktari anaweza kushuku ugonjwa huu iwapo ataulizwa au ataambiwa mambo yanayofaa. Kuna moja ambalo wazazi hulipuuza kwa kuwa linaonekana dogo: vidole vya miguu. Watoto wengi wenye ugonjwa huu huvimba vidole vya miguu na vya mikono, na ncha za masikio, hasa wakati wa baridi. Kwenye ngozi nyeupe vitabu vinasema huwa vyekundu. Kwenye ngozi yetu ni heri kutafuta rangi ya zambarau au weusi uliozidi, uvimbe, na vijidonda vinavyochelewa kupona. Asubuhi ya Julai kule Limuru au Nyahururu mama anaweza kudhani ni viatu vinavyobana.

Lingine ni kichwa kisichokua. Ule mzingo wa kichwa unaopimwa kwa utepe ukipungua kasi mwezi baada ya mwezi, ni habari kubwa. Wengine huwa na ini lililovimba au shinikizo ndani ya jicho. Wachache huzaliwa wakiwa tayari wagonjwa, na hao ndio hufanana kabisa na waliopata virusi tumboni.

Picha ya CT huonyesha ile chokaa vizuri kuliko mashine nyingine. Na hapa sharti niseme neno kuhusu maji ya uti wa mgongo. Wazazi wengi hukataa mtoto asitolewe maji hayo kwa kuwa wamesikia kwamba sindano hiyo hupoozesha. Sindano huingizwa chini mgongoni, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha kuishia na kumebaki nyuzi za neva zinazoelea majini. Bila maji hayo daktari anaendesha gari usiku bila taa, iwe mtoto ana homa ya uti wa mgongo, ambayo hapa kwetu ni ya kawaida zaidi na huua haraka, au ana huu tunaouzungumzia.

Kuna pia kipimo cha damu. Badala ya kuitafuta interferoni yenyewe, ambayo huwa chache mno damuni, wataalamu huhesabu jeni ambazo interferoni huziwasha. Gillian Rice, Crow na wenzao walionyesha mwaka 2013 kwamba jeni 6 tu zatosha kuifichua nduru. Kisha hufuata kipimo cha jeni za mtoto na za wazazi. Vipimo hivi si vya kila zahanati, na mzazi atahitaji daktari wa neva za watoto wa kumwelekeza.

Dawa

Kwa miaka mingi hapakuwa na la kufanya ila kupunguza degedege na kunyoosha viungo. Hilo limebadilika, na limebadilika kwa sababu ugonjwa ulieleweka kwanza.

Interferoni ikigonga mlango wa seli, ndani kuna matarishi waitwao JAK wanaoupokea ujumbe na kuukimbiza hadi kwenye kiini. Zipo dawa za kuwazuia matarishi hao. Mojawapo ni barisitinibu, iliyotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa baridi yabisi. Dawa hii haizimi nduru. Inawaziba masikio wanaoisikia, kama ilivyokuwa kwa panya wa Stetson.

Mwaka 2018 kundi la Goldbach-Mansky lilitoa matokeo ya wagonjwa 18 wa maradhi haya. Miongoni mwa 10 waliokuwa na ile aina ya kope zilizovimba na mafuta ya uso kuyeyuka, 5 walifikia hali ya kutokuwa na dalili. Mwaka 2020 Adeline Vanderver na wenzake, katika hospitali ya watoto ya Philadelphia, walieleza habari za wagonjwa 35 wa Aicardi-Goutières waliopewa barisitinibu. Kati yao 20 walipata hatua mpya katika makuzi yao. Kwa mzazi ambaye amekuwa akihesabu vitu ambavyo mtoto ameacha kufanya, kuhesabu kitu kipya hata kimoja si jambo dogo.

Lakini isije ikadhaniwa kuwa muujiza umepatikana. Sehemu ya ubongo iliyokwisha kuharibika hairudi. Uharibifu mkubwa hutokea katika miezi michache ya mwanzo, ile ya kilio na homa, kisha hali hutulia na mtoto hubaki alipoachwa. Kila wiki inayopotea katika kutafuta virusi ambavyo havipo hutoka katika muda huo.

Isitoshe, anayezibwa masikio asisikie nduru ya uongo hataisikia vyema na ile ya kweli. Watumiaji wa dawa hizi huambukizwa kwa urahisi zaidi, na katika nchi yenye kifua kikuu kama yetu ni lazima mgonjwa apimwe ugonjwa huo kabla ya kuanza. Chanjo zenye virusi hai hazifai kutolewa mtu akiwa anatumia dawa hizi, hivyo daktari wa kliniki ya chanjo anapaswa kuambiwa. Na bei yake si ya Panadol.

Utafiti wa watoto hawa wachache umewafaa pia watu wengi wasiowajua. Ugonjwa wa lupasi, ambao kati ya kila wagonjwa 10 karibu 9 ni wanawake, ulijulikana tangu mwaka 1979 kuwa unaambatana na interferoni nyingi damuni, lakini maana yake ilibishaniwa kwa miaka mingi. Mwaka 2007 ilionekana kwamba baadhi ya wagonjwa wa lupasi wana kasoro katika ile ile TREX1. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha dawa ya lupasi, anifrolumabu, ambayo kazi yake ni kuufunga mlango ambao interferoni hugonga.

Mzazi anayeshuku jambo asiende hospitalini mikono mitupu. Abebe kijitabu cha kliniki chenye vipimo vya uzani na vya kichwa tangu kuzaliwa, kwa maana mstari wa kwenye karatasi ile huonyesha mwezi ambao mtoto aliacha kukua. Aandike siku za homa. Ataje watoto wa familia zote mbili waliofariki wakiwa wachanga, hata wale ambao nyumbani hawatajwi tena, na aseme bila haya kama yeye na mwenzake wana undugu. Vidole vikivimba, avipige picha kwa simu siku hiyo hiyo, kwa sababu kufikia siku ya miadi huenda vikawa vimenywea.

Watoto hawa, hata wasioweza kukaa wala kutamka neno, wengi huelewa zaidi ya wanavyoweza kuonyesha. Wapo wanaojibu kwa macho: wakitazama juu ni ndiyo, wakifumba ni la. Wazazi wao hujifunza lugha hiyo kabla ya daktari yeyote.